Jozi ndogo mkiwa mmebaki wanne: lini uingie, lini utupe

Kwenye poka nimetoka nafasi ya nne mara nyingi sana nikiwa na 5-5 mkononi, yaani jozi, karata mbili za namba moja, na karibu kila mara ni kwa kosa lilelile. Mwenzangu anasukuma chipu zake zote mezani, mimi natazama jozi yangu, najiambia huyu ana A-K tu, karata mbili kubwa zisizo jozi, nalipa, yaani naweka chipu sawa na zake. Kuna siku anafunua na kweli ni A-K. Ilinichukua muda kukubali kwamba hata siku hiyo nilikuwa nimekosea.

Mwongozo huu ni wa mashindano madogo ya meza moja: watu 9 au 10, wanaolipwa 3, wa kwanza asilimia 50 ya mfuko, wa pili 30, wa tatu 20. Mmebaki wanne, yaani akitoka mmoja tu waliobaki wote wana zawadi. Jozi ndogo hapa ni kuanzia 2-2 hadi 6-6.

Hatua ya 1: Pima marundo kabla karata hazijagawiwa

Usihesabu chipu, hesabu blaindi kubwa. Blaindi ni dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, mmoja ndogo na mwingine kubwa. Chipu 4,000 wakati blaindi ni 200 na 400 ni rundo la blaindi 10. Pima la kila mtu, si lako peke yako. Unatafuta mambo matatu: nani ana rundo fupi kuliko lako, nani anaweza kukutoa, na nani atacheza baada yako. Ukingoja mpaka uone jozi ndipo uanze kupima, utapima kwa upendeleo. Nawajua watu wa namna hiyo, nami ni mmoja wao.

Hatua ya 2: Sahau kutafuta seti (karata tatu za namba moja)

Mwanzoni mwa shindano, marundo yakiwa marefu, kulipa kidogo na 4-4 ili uone karata tatu za mezani ni mchezo mzuri. Nne ya tatu ikitua, unamkomba mtu. Lakini inatua kama mara 1 tu katika 8.5.

Sasa una blaindi 12, na mwenzako mwenye 12 vilevile amepandisha hadi 2.5. Ukilipa kila mara, kwa seti moja utakayopata utakuwa umeshakosa mara 7 na nusu, yaani umetupa blaindi 18.75. Siku seti ikija na akakupa kila alichonacho, unapata 12 zake na 1.5 za blaindi zilizoachwa mezani. Jumla 13.5. Hasara hiyo hailipiki, na hapo tumemdhania mwenzako ni mjinga wa kukupa zote kila mara.

Kwa hiyo karibu na zawadi jozi ndogo ina njia mbili tu: kusukuma zote au kutupa.

Hatua ya 3: Akisukuma mwenzako kwanza, tupa

Hapa ndipo wengi hubisha, kwa hiyo tupige hesabu taratibu. Wanne wote mna marundo sawa. Kila mmoja ana haki ya asilimia 25 ya mfuko, yaani sehemu ya zawadi anayoweza kuitarajia kwa wastani. Mtu anasukuma zote, wewe una 5-5. Ukilipa ukashindwa, umetoka na sifuri. Ukishinda, mnabaki watatu: wewe una marundo mawili, wenzako moja moja.

Rundo maradufu si haki maradufu. Una nusu ya chipu zote, kwa hiyo nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni 1/2, wa pili 1/3, wa tatu 1/6. Zidisha kwa zawadi: 25, jumlisha 10, jumlisha 3.3. Unapata 38.3. Umehatarisha 25 ili upate nyongeza ya 13.3 tu. Gawa 25 kwa 38.3 utaona unahitaji kushinda asilimia 65 ili kulipa kusiwe hasara.

5-5 dhidi ya A-K hushinda kama asilimia 55. Dhidi ya 9-9 ni kama mara 1 kati ya 5. Hiyo 65 utaitoa wapi? Ndiyo maana nilisema nilikosea hata nilipoikuta A-K.

Na zile asilimia zinazopotea kwenye ugomvi wenu huenda wapi? Kwa wale wawili waliokaa kimya. Kila mmoja wao anaruka kutoka 25 hadi 30.8 bila kugusa karata. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini kwenye meza hii nyasi ndizo zinazonenepa.

Njia hii ya hesabu ina ukoo na mbio za farasi. Mwaka 1973 mtakwimu David Harville alichapisha namna ya kukadiria nani atakuwa wa pili na wa tatu ukishajua nafasi ya kila mmoja kushinda. Wachezaji wa poka wakaweka chipu mahali pa farasi. Haipimi ustadi wala nafasi ya kukaa mezani, lakini kwa uamuzi wa namna hii inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Ikiwa hakuna aliyeingia, jozi ileile inakuwa silaha

Wewe ndiye wa mwisho kabla ya blaindi, wote mna chipu 4,000, blaindi ni 200 na 400. Aliyekutangulia ametupa. Ukisukuma na wote wawili wakatupa, unaokota 600 na haki yako inapanda kutoka 25 hadi kama 27.3. Akilipa mmoja, tuseme mko nusu kwa nusu, haki yako inashuka hadi kama 19.3. Kwa hiyo ili usipate hasara wanapaswa kutupa wote wawili angalau mara 7 katika 10.

Wakiwa wanaijua hatua ya 3, watatupa zaidi ya hapo. Hofu iliyokuzuia wewe kulipa ndiyo unayowauzia wao. Tena uwezekano wa mchezaji fulani kuwa na jozi kubwa kuliko 5-5 yako ni kama asilimia 4.4 tu.

Lakini tazama nani yuko nyuma yako. Kuna mchezaji anayelipa kila kitu kwa sababu amechoka anataka kwenda kulala. Huyo usimsukumie 3-3. Kuna mwenye rundo kubwa ambaye akishindwa hatoki. Kuna aliyebakiwa na blaindi mbili, ambaye atalipa na chochote kwa kuwa hana cha kuokoa. Hesabu yote ya kusukuma inasimama juu ya watu wanaoweza kutupa.

Na usizichukulie jozi zote kuwa sawa. 2-2 dhidi ya J-10 za rangi moja iko nyuma kidogo, kama asilimia 46, kwa sababu mbali na kupatwa moja kwa moja, meza ikileta jozi mbili zozote, mbili zako hazihesabiki tena. 6-6 naisukuma kwa moyo mweupe. 2-2 naiangalia mara mbili.

Hatua ya 5: Mtazame aliye mahututi

Tuseme watatu mna 5,000 kila mmoja na wa nne ana 1,000. Haki yako hapo ni kama 30.5 bila kufanya lolote. Akikusukumia mwenye 5,000 na ukalipa, unahitaji asilimia 73. Hata 10-10 dhidi ya A-K haifiki huko. Tupa na ngoja blaindi zimfikie yule mfupi, dakika chache tu.

Yule mfupi mwenyewe akisukuma, kulipa si tatizo kubwa: ukishindwa unabaki na 4,000. Dhidi yake, lipa ukiwa na 5-5.

Ukiwa wewe ndiye mfupi, geuza kila kitu. Jozi yoyote, ukiwa na blaindi 4 au 5, sukuma papo hapo. Ukingoja hadi blaindi 2, hakuna atakayetupa, na utakuwa umebakiwa na bahati tu.

Hatua ya 6: Ukiona meza bure

Hutokea uko blaindi kubwa na aliyeingia amelipa tu bila kupandisha. Ukiwa na blaindi 10 dhidi ya mwoga, sukuma. Dhidi ya mwenye rundo kubwa, gonga meza, yaani pita bila kuongeza chipu, uangalie. Seti isipotua na akaweka chipu, tupa bila kuaga.