Jinsi ya kusoma nyota za wachezaji wa futiboli ya vyuo Marekani

Nyota hizi, hadi 5, ni alama ambazo tovuti za kusaka vipaji humpa mchezaji wa sekondari kabla hajaingia chuo. Mimi huanza na kikosi kizima, si kijana mmoja. Chukua usajili wa miaka 4 mfululizo, hesabu wenye nyota 4 na 5, kisha gawanya kwa idadi ya wote. Ikivuka nusu, timu ina haki ya kuota ubingwa; vyuo vya Alabama na Georgia huvuka kwa mbali.

Kwa mchezaji mmoja, punguza imani. Josh Allen, quarterback (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi), hakugombewa na chuo kikubwa chochote alipotoka sekondari. Alipitia chuo kidogo cha Reedley, kisha Chuo Kikuu cha Wyoming, na 2018 Buffalo Bills, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, wakamchagua wa 7 kati ya wachezaji wote wapya. Stetson Bennett, quarterback wa Georgia, nilimcheka, akatwaa mataji mawili ya vyuo (ingawa alizungukwa na wachezaji wa nyota nyingi!).

Wanaume wa mstari wa mbele, wale wanaosukumana kila mchezo unapoanza, wape muda: mwili wa miaka 17 bado unajengeka.