Staata ya Land Cruiser iliyojificha: anza na haya kabla hujalala chini ya gari

Wadau, ukiwasha gari, staata (ile mota inayozungusha injini mpaka iwake) ikasema "tik" moja tu na taa hazififii, usikimbilie kununua staata nzima. Nyingi za Toyota ni za kampuni ya Denso na kinacholika mara nyingi ni vile vipande viwili vya kopa ndani ya solenoidi (ile swichi ya umeme iliyoshikana na staata), vinauzwa peke yake na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na staata. Ila hakikisha kwanza betri na teminali ziko sawa, pamoja na waya wa ati (ule wa hasi unaoenda kwenye bodi), si unajua tope la porini linavyokula.

Sasa kuitoa ndo kazi. Chomoa hasi ya betri kwanza, mi niliwahi kusahau spana ikagusa bodi, cheche ile sijaisahau mpaka leo. Bolti ya chini ya staata hata mtoto anafungua, ya juu ndo inakutoa jasho maana huioni, unapapasa tu. Jana yake ipulizie WD-40 (dawa ya kulegeza bolti zilizoshika kutu) ilale nayo, halafu usiing'ang'anie kutokea mbele, ifuate kutokea nyuma juu ya giaboksi, unga ekstensheni (vyuma vya kurefusha soketi) mbili tatu na yunivaso (kiungo kinachopinda) mwishoni, soketi uibane kwa selotepu isikudondokee. Pembeni ya tairi pia jaribu, ukitoa tairi na ile plastiki ya ndani ya madigadi unaweza kupata upenyo wa mkono. Gari ikae kwenye stendi, sio jeki peke yake jamani. Kurudisha, anza bolti zote kwa vidole kabla ya spana.