Jinsi ya kuijua pizzeria ya Napoli ya kweli mtaani kwenu, na namna ya kuagiza ukifika

Kama ushawahi kufika Napoli unajua, ukirudi nyumbani inatosha kunusa moshi wa kuni na unga ulioungua kidogo tu, akili yote inarudi kule kwenye mtaa wa Via dei Tribunali, pikipiki za vespa zinakupita ubavuni na watu wamejazana mlangoni na vikaratasi vya namba wanasubiri kuitwa. Hiyo hamu unaweza kuimaliza bila kukata tiketi ya ndege, ila sharti upate sehemu inayopika kwa utaratibu wa kule, maana sa hivi neno Napoli linaandikwa kwenye kila bango, uwe London, Doha au hata Malindi ambako Waitaliano wamekaa miaka mingi na pizzeria zimejaa.

Anza na tanuri, menyu baadae. Kaa meza ambayo unaliona afu hesabu kimoyomoyo. Pizza ya Napoli inaiva kwa sekunde 60 mpaka 90 hivi, kwenye joto la nyuzi 430 mpaka 480, kwa hiyo fundi hawezi kuitupia ndani akaenda kupiga stori na wateja, anasimama palepale, anaizungusha na koleo lake la chuma lenye mpini mrefu, na wengi mwishoni wanainyanyua juu karibu na paa la tanuri sekunde chache ndo wanaitoa. Ukiona imekaa dakika saba nane basi unachosubiri hapo ni pizza nyingine, inaweza ikawa tamu tu lakini sio hii. Lile joto ndo linafanya kila kitu: maji yaliyo kwenye unga yanageuka mvuke ghafla, pindo la pembeni linafura na kupata madoa meusi huku na huku, wakati katikati bado ni laini na nyembamba. Oveni ya kawaida ya nyumbani inaishia nyuzi 250, mpaka pindo lije libadilike rangi unga ushakauka wote.

Kuhusu kuni watu wanabishana sana. Kuni ni nzuri na ndo jadi, lakini kile chama cha pizza cha Napoli, AVPN, kilichoanzishwa mwaka 1984, siku hizi kinapitisha hata baadhi ya tanuri za gesi na za umeme bora zifike joto linalotakiwa, so usimkatae mtu kisa hana kuni. Wanachama wake wanatundika kibao chenye picha ya Pulcinella, yule jamaa wa Napoli mwenye barakoa nyeusi, ameshika koleo la pizza. Ukikiona ni dalili nzuri, usipokiona usikate tamaa, sehemu nyingi nzuri hazina.

Afu uliza kuhusu donge, na uliza kwa upole, mafundi wengi wanapenda sana kuulizwa hilo. Ndani yake ni unga, maji, chumvi na hamira basi, hakuna mafuta wala sukari. Linatakiwa liumuke masaa 8 angalau, wengine wanaliacha mpaka 24 na zaidi, na donge la mtu mmoja lina gramu 200 mpaka 280. Angalia na mikono yake: anabonyeza kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa yote ihamie kwenye pindo, afu anailaza huku na huku mpaka itanuke. Ufundi huo wa mikono ndo UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2017. Ukiona mti wa kusukumia chapati umetoka, ile hewa yote ishakufa hapo.

Sasa kuagiza. Mara ya kwanza chukua Marinara, nakusihi. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, haina chizi na wala haina samaki yoyote, kwa hiyo hakuna cha kujificha nyuma yake, nyanya ikiwa mbaya au unga ukiwa mbichi utajua kwa tonge la kwanza. Nyanya zenyewe zinapondwa tu bila kupikwa kabla, zinaivia humo humo kwenye tanuri. Da Michele pale Napoli, iliyoanza mwaka 1870, imejijengea jina kwa hizi mbili tu, Marinara na Margherita. Kwenye Margherita kuna nyanya, mozarela na majani ya rihani, na ukiulizwa mozarela gani sema fior di latte, ya maziwa ya ng'ombe, ile ya nyati ni tamu kweli ila inatoa maji mengi, ijaribu siku nyingine.

Kwa wasiokula nguruwe, hizi mbili hazina nyama. Prosciutto, salame, 'nduja na cicoli kwa kawaida zote ni nguruwe, na pizza fritta, ile ya kukaanga, mara nyingi ndani wanaweka cicoli, uliza kwanza. Chizi gumu la kunyunyizia kama Parmigiano linagandishwa kwa kitu kinachotoka kwenye tumbo la ndama, kama inakukwaza mwambie asiweke.

Itakuja nzima haijakatwa, usishangae na usiombe wakukatie vipande nane. Tumia kisu na uma, au ikiwa ndogo ya kuuziwa barabarani ikunje mara mbili iwe robo uile ukitembea, kule wanaiita a portafoglio. Katikati patakuwa na majimaji, ndo inavyotakiwa, na pindo usiliache kwenye sahani. Kula ikiwa ya moto! Kuibeba kwenye boksi ni kuionea, mvuke unaozunguka humo ndani unalainisha kila kitu na ukifika nyumbani unatafuna kama mpira.

Mkiwa wawili agizeni Marinara moja na Margherita moja, na ya kwanza ikifika msiisubirishe nyingine, gawaneni hapohapo muanze, kwenye tanuri la joto lile ya pili haichelewi.