Loweka maharagi, okoa makala
Wamama wa Goma mnaopikia mbabula (jiko la makala, yaani makaa), jaribuni hili. Loweka maharagi tangu jioni. Asubuhi yale maji yamwage kwenye lengalenga (mchicha) nyuma ya nyumba, tia mapya. Chemsha kwa moto mkali nusu saa, kisha epua sufuria na mfuniko wake, ifunge vizuri kwa blanketi la zamani, iache masaa matatu. Yanaendelea kuiva yenyewe mpaka ukibonyeza moja kwa kidole linapondeka. (Yakikataa, yarudishe motoni kidogo.) Mama mkwe alinicheka sana; sasa blanketi liko kwake. Makala yaliyobaki yafunikie kwenye kopo la bati, yazimike, kesho yawake tena. Mengi yanatoka kwa miti inayokatwa misitu ya Virunga, na gunia lenyewe unajua bei yake.