SOMO: Tangi na maji ya samaki wakubwa (Oscar, arowana, pleko). Soma kabla hujauliza

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa jambo lile lile: "Oscar wangu kalala chini, hataki kula, na maji ni maangavu kabisa. Shida nini?" Nimechoka kulijibu moja moja. Naliandika hapa mara moja, na atakayeuliza nitamwelekeza kwenye uzi huu.

1. Jua samaki ataishia wapi. Mnawanunua wakiwa na urefu wa kidole. Oscar hufika sentimita 30 na kuzidi. Pleko wa kawaida, yule wa "kusafisha kioo", hufika 40. Arowana wa fedha hukaribia 90. Kambare mkia mwekundu hupita mita moja. Huyo naomba msimnunue kabisa. Na ile kauli kwamba samaki hukua kulingana na tangi muiache. Anayedumaa tangini kadumazwa na uchafu wake mwenyewe, na maisha yake hufupika.

2. Piga hesabu ya tangi. Urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Tangi la 150 × 60 × 60 ni lita 540. Kwa Oscar mmoja mimi sishuki chini ya lita 300, na wawili nawapa 450. Angalia upana pia: samaki mzima lazima ageuke bila kujikunja. Tangi refu la kwenda juu, jembamba, lina lita nyingi lakini halimfai.

3. Meza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lile tangi la lita 540 linapita nusu tani ukijumlisha kioo na mchanga. Sakafu iwe imara na sawa.

4. Ondoa klorini. Tumia dawa ya kuondolea klorini (ile inayotiwa maji ya bomba kuua vijidudu). Kuacha maji ya bomba yalale usiku husaidia kwa klorini tu. Kloramini (klorini iliyoungana na amonia) haitoki hivyo.

5. Ivisha tangi kabla ya samaki. Wiki 4 hadi 6. Washa chujio, tia chakula kidogo kioze kitoe amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki na chakula kilichooza), kisha subiri bakteria waote. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Tangi limeiva pale amonia ni 0, nitriti ni 0, na nitrati imeanza kuonekana. Nitrati isipite 40 mg kwa lita. Mimi naridhika ikiwa chini ya 20. Nunua kipimo cha matone. Macho hayaoni amonia.

6. Kuosha chujio. Hapa someni polepole.

Niliwahi kuwa na Oscar wawili niliowalea tangu wadogo, walikuwa wanakula mkononi. Siku moja nikaona chujio limepunguza kasi. Nikatoa sponji zote, nikazikamua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, nikarudisha. Nililala nikijua nimefanya kazi nzuri. Siku ya tatu mmoja alikuwa juu anahema, mapezi kayabana. Nikadhani ni ugonjwa, nikatia dawa. Asubuhi alikuwa amekufa, na wa pili akamfuata jioni. Ndipo nikapima: amonia ilikuwa imepanda vibaya. Ule utelezi wa kahawia nilioukamua ndio uliokuwa na bakteria, na klorini ya bomba ilimaliza waliobaki.

Kwa hiyo: sponji huoshwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Usioshe zote siku moja. Nusu leo, nusu baada ya wiki mbili au tatu. USIBADILISHE sponji zote kwa mpya hata kama muuzaji anakuambia ufanye hivyo. Na samaki akianza kuhema, pima kwanza kabla hujagusa dawa yoyote.

7. Badilisha maji asilimia 30 hadi 50 kila wiki, ya joto lile lile.

MASWALI

Mvuvi_Kioo: Mkuu nina Oscar watatu kwenye lita 60, maji yamekuwa kama maziwa. Niweke dawa gani?

Mleta uzi: Hatua ya 2.

Mvuvi_Kioo: Sijauliza ukubwa, nimeuliza dawa.

Mleta uzi: Na dawa hakuna. Lita 60 hazimtoshi hata mmoja. Badilisha nusu ya maji leo, usilishe siku mbili, na uwatafutie pa kwenda.

Binti_Ziwa: Shikamoo mkuu, ahsante kwa somo. Kipimo changu na cha rafiki yangu vilisoma amonia sawa, wake wakafa, wangu wazima. Inawezekanaje?

Mleta uzi: Marahaba. Swali zuri sana hili. Kipimo husoma amonia ya aina mbili kwa pamoja: yenye sumu kali na ile iliyofungwa, ambayo sumu yake ni ndogo. pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi) na joto ndivyo vinavyoamua mgawanyo. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Ikiwa 8 inakuwa kama 5. Muulize rafiki yako pH yake.

Binti_Ziwa: Anasema hakuwa amebadilisha maji miezi mingi, kisha akabadilisha karibu yote kwa siku moja. Walikufa siku hiyo hiyo.

Mleta uzi: Basi huenda ndiyo hiyo. Tangi lililosahauliwa pH yake hushuka, amonia inakaa imefungwa. Ukimwaga maji mapya mengi pH inapanda ghafla na ile sumu inafunguka. Tangi la namna hiyo hurudishwa taratibu, asilimia 10 kwa siku, huku unapima.

Baba_Pleko: Nyongeza: hita za kioo zivalisheni kava. Oscar wangu aliivunja kwa mkia. Na mfuniko uwe mzito, arowana anaruka.

Mleta uzi: Ahsante kaka, nilisahau kabisa.

Sponji77: Umeme ulikatika kwa muda wa saa tisa hivi, sasa umerudi. Niwashe chujio la nje?

Mleta uzi: Usiwashe! Lifungue kwanza, unuse.

Sponji77: Linanuka yai bovu.

Mleta uzi: Bakteria wamekosa hewa, wengi wamekufa. Mwaga maji yote ya humo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Usilishe leo. Pima amonia usiku na asubuhi.

Sponji77: Asubuhi imesoma 0.25.

Mleta uzi: Badilisha robo ya maji sasa hivi, kesho pima tena, uniambie.