Somo: kukokotoa gharama ya skrini ya picha katika kompyuta za mwanzo

Anayetaka kuelewa kwa nini kompyuta zenye madirisha, aikoni na kipanya zilichelewa kuwafikia watu wa kawaida aanze na kumbukumbu ya skrini, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayohifadhi picha iliyo kwenye skrini, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi na inafafanua mengi.

Hatua ya kwanza: tafuta idadi ya nukta, yaani vidoto vinavyounda picha kwenye skrini. Macintosh, kompyuta ya kampuni ya Apple iliyozinduliwa Januari 1984 kwa dola 2,495, ilikuwa na nukta 512 kwa 342, yaani 175,104.

Hatua ya pili: kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe, hivyo ilihitaji biti moja tu, kipimo kidogo kabisa cha kumbukumbu. Biti nane hufanya baiti moja, basi gawanya kwa 8, upate baiti 21,888.

Hatua ya tatu: linganisha na kumbukumbu yote. Kilobaiti 128 za Macintosh ni baiti 131,072, kwa hiyo skrini peke yake ilimeza sehemu moja ya sita kabla mtumiaji hajaandika hata herufi moja. Skrini ya maandishi matupu, yenye mistari 25 ya herufi 80, ilitosheka na baiti 2,000 za herufi.

Hatua ya nne: rudia hesabu kwa Alto, kompyuta ya awali ya madirisha na kipanya iliyoundwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Nukta zake 606 kwa 808 zilitaka baiti 61,206, karibu nusu ya kilobaiti 128 za mashine hiyo. Hapa ndipo ninapowastahi sana Chuck Thacker na wenzake walioisanifu, waliokubali kutoa kiasi hicho cha kumbukumbu, tena ilipokuwa ghali mno, ili ukurasa uonekane kwenye skrini kama utakavyotoka kwenye karatasi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, Macintosh hiyo ingeweza kuwa na rangi 16?

Jibu: Rangi 16 huhitaji biti nne kwa kila nukta, kwa hiyo skrini ingechukua baiti 87,552 na kuziachia programu zote baiti 43,520. Amiga, kompyuta ya rangi ya kampuni ya Commodore iliyotoka mwaka 1985, ilianza na kilobaiti 256.

Swali: Ni kweli kwamba Apple waliiba wazo la Xerox la madirisha na kipanya?

Jibu: Ndugu yangu, neno hilo ni zito kupita kiasi. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa Apple, na wahandisi wake waliingia katika kituo hicho mwaka 1979 kwa ruhusa ya Xerox, ambayo nayo ilipata nafasi ya kununua hisa za Apple kabla hazijaingia sokoni. Kipanya chenyewe kilikuwa kimeonyeshwa hadharani na mvumbuzi wake, Douglas Engelbart, mjini San Francisco, Desemba 1968.