Jinsi ya kuacha kujiona wewe tu

Wagiriki wa kale wana hadithi ya Narcissus, kijana alojiona kwenye maji akajipenda mpaka akafa palepale, na Echo aliyempenda akadhoofika ikabaki sauti tu. Sasa ukikaa barazani hapa Ngamiani, jirani akisema mwanangu anaumwa, usirukie "hata mimi juzi", muulize kalala vipi, dawa kapata, halafu nyamaza usikilize kweli, hapo ndo pagumu mi naona. Kesho mpelekee chupa ya uji, picha usipige. Kwenye hadithi hizohizo za Wagiriki, Prometheus aliiba moto wa miungu akawapa binadamu, akafungwa mwambani tai akawa anamla ini kila siku, we hujaambiwa ufike huko, ukiona mama wa watu kachoka chukua ndoo ukamchotee maji.